Je, Kutembea Kila Siku Kunapunguza Uzito?



Katika ziara zetu za vikundi, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Silibwet na Longisa, kuna swali linalotufuata karibu kila mkutano, hasa kwa akina mama: "Je, nikitembea kila siku, nitapungua?" Wengine hawakungoja jibu, wameshaanza. Wanaamka alfajiri, wanajifunga leso, wanavaa raba na kupanda vilima. Baada ya miezi miwili wanapanda mizani pale zahanati, kumbe uzito ni ule ule! Hapo moyo unavunjika. Kuna wanaoacha kutembea kabisa. Kuna na wanaokwenda sokoni kununua dawa za kupunguza mwili, zisizo na maelezo yoyote, na pesa zinatoka katika mgao wa mzunguko ambao ungelipa karo ya mtoto.

Kwa hiyo tumeona tulijibu swali hili kwa urefu. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: kutembea peke yake hupunguza uzito kidogo, tena polepole. Kinachopunguza zaidi ni sahani na kikombe. Lakini kutembea kuna faida kubwa ambazo mizani haiwezi kuzionyesha. Mtu akiacha kutembea kwa sababu mizani haikusogea, anatupa dawa nzuri isiyouzwa dukani.

Hebu tuangalie sababu zake moja baada ya nyingine.

HALI ILIVYO KWETU

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ilionekana kwamba kati ya wanawake 100, kama 38 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanaume ilikuwa kama 17 kati ya 100. Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo la kushangaza: Wakenya wasiotumia mwili wao vya kutosha kwa kazi au mwendo walikuwa chini ya 10 kati ya 100. Maana yake ni kwamba kuna watu wengi wanaotembea, wanaolima, wanaobeba mizigo, na bado uzito wao umezidi. Basi kama mwendo peke yake ungetosha, hali isingekuwa hivyo.

Sehemu zetu za Kericho na Bomet tunaona watu wa namna mbili. Yuko mchuma majani chai anayezunguka shambani tangu asubuhi akiwa na kikapu mgongoni. Huyu hahitaji kuambiwa aongeze mwendo. Anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko. Na yuko yule ambaye mwendo umemtoka kidogo kidogo bila yeye kujua. Zamani alibeba majani yake mwenyewe hadi kituo cha kupimia. Leo kibarua anachuma na pikipiki inapeleka. Zamani alitembea hadi mjini kupeleka au kupokea pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa zinamfuata mfukoni. Maji yako kwenye bomba la uani, na boda boda iko mlangoni. Haya ni maendeleo na tunayashukuru. Ila sahani imebaki ile ile ya siku za kazi ngumu, na mara nyingi imeongezeka.

Kuna pia mambo ya mila. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mwili mkubwa ni dalili ya kutunzwa vizuri, na mama akikonda majirani huuliza kama anaugua. Tunaelewa. Lakini hospitalini tunakutana na akina mama na akina baba wa miaka arobaini na hamsini wenye sukari na presha, wengine wameshakatwa vidole vya miguu. Kwa hiyo jambo hili si la urembo. Ni la nani atabaki na nguvu za kuwalea watoto na kushika shamba.

HESABU YA MWENDO NA CHAKULA

Nguvu inayotoka kwenye chakula hupimwa kwa kalori, kama majani yanavyopimwa kwa kilo. Kalori tusizozitumia mwili huziweka akiba kama mafuta. Ili kuondoa kilo moja ya mafuta hayo, mtu anapaswa kutumia kama kalori 7,700 zaidi ya zile anazokula.

Sasa, mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida, hutumia kama kalori 100 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Gawanya 7,700 kwa 100, unapata siku 77. Yaani atatembea kila siku kwa miezi miwili na nusu ndipo apunguze kilo moja, na hiyo ni kama hakuongeza hata kijiko kimoja cha chakula. Tena uzito wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo nzima hata zaidi kati ya asubuhi na jioni, kwa sababu ya maji na chakula tumboni. Si ajabu basi kwamba wenzetu walipanda mizani baada ya miezi miwili wasione kitu!

Hesabu hii haiko mbali na yale watafiti waliyoyaona. Mwaka 2008 yalikusanywa pamoja matokeo ya majaribio 9 ya watu walioongeza mwendo wa kila siku bila kupangiwa chakula. Kwa wastani walipungua kama kilo moja na robo.

Ulinganishe sasa na upande wa chakula:

- Soda moja ya mililita 300 ina kama kalori 125. Ukiinywa baada ya kutembea nusu saa, umerudisha yote uliyotumia na zaidi.
- Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120.
- Kijiko cha chai cha sukari kina kama kalori 20. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko viwili, amekula kalori 160 za sukari tupu.
- Andazi moja la hotelini kwa kawaida hupita kalori 150, na chapati moja hupita 200.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunarudi kutoka matembezini tukiwa na njaa na furaha, tunajiambia, "Leo nimefanya kazi, nastahili chai na maandazi mawili." Miguu imetoa, mkono umerudisha.

JAMBO TULILOJIFUNZA KWA WAHADZABE

Kuna sababu nyingine, na imetoka hapa karibu, nchi jirani ya Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwanasayansi Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walikwenda kupima nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku, na wakatoa matokeo mwaka 2012. Wanaume wa Kihadzabe walitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake kama kilomita 6. Kila mtu alitarajia kwamba watu hawa wangekuwa wanatumia kalori nyingi sana kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi maofisini.

Haikuwa hivyo. Ukilinganisha watu wenye miili ya ukubwa sawa, kalori walizotumia kwa siku nzima zilikaribia kuwa sawa na za wale wa maofisini.

Inawezekanaje? Wanaeleza kwamba mwili ni kama mama mwenye bajeti. Akitumia zaidi kwa karo, anabana kwenye nguo na sabuni. Ndivyo mwili unavyofanya: ukiuzoesha kutembea sana, unabana matumizi mahali pengine ndani yako. Ndiyo maana faida ya mwendo kwa uzito ni ndogo kuliko hesabu inavyosema, hasa baada ya miezi kadhaa.

Lakini Wahadzabe hawanenepi, na wazee wao bado wana miguu na mioyo yenye nguvu. Chakula chao ni mizizi, matunda ya porini, ubuyu, nyama na asali. Mandazi na soda havimo.

FAIDA AMBAZO MIZANI HAIONYESHI

Mtu asije akasema, "Kumbe kutembea ni bure, wacha nipande boda boda." La! Sikilizeni haya:

1. Kutembea kunazuia sukari. Msuli unapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu. Mwendo wa dakika kumi au kumi na tano baada ya kula husaidia sukari isipande sana.

2. Kutembea kunashusha presha na kuupa moyo nguvu, hata kwa mtu ambaye hakupungua kilo yoyote.

3. Kunasaidia usingizi, kunapunguza mawazo mengi, na kunaimarisha mifupa na magoti.

4. Kunashikilia uzito uliokwisha kupungua. Kule Marekani, tangu mwaka 1994 kuna daftari la watu waliopunguza uzito mwingi na ukakaa bila kurudi. Wengi wao hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Kwa hiyo sahani hushusha uzito, na miguu huuzuia usirudi.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitolewa mwaka 2002, pia Marekani. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza chakula cha mafuta, kufanya mwendo wa dakika 150 kwa wiki, na kupunguza uzito kwa sehemu kama 7 katika kila 100. Kundi lingine lilipewa vidonge vya metformin. Kundi la vidonge lilipunguza visa vya kisukari kwa asilimia 31. Kundi la sahani na miguu lilipunguza kwa asilimia 58. Angalieni vizuri: mtu wa kilo 80 katika kundi hilo hakutakiwa kuwa mwembamba kama msichana wa shule. Alitakiwa kupunguza kilo tano na nusu hivi. Hizo zinawezekana hata hapa kwetu.

SAHANI NA KIKOMBE

Hatusemi mwache kimyet wala mursik. Tunasema vipimo vibadilike.

Sukari. Punguzeni nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Angalieni na faida ya pesa: nyumba ya watu watano, kila mmoja akinywa vikombe vinne kwa siku, ikipunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, huokoa kama gramu 100 za sukari kwa siku. Kwa mwezi ni kilo tatu. Bei ya kilo tatu za sukari ikiwekwa katika sanduku la kikundi kila mwezi, mwisho wa mwaka mtashangaa. Mursik nayo inyweni bila sukari, kama wazee walivyoinywa kutoka kwenye sotet.

Mafuta. Msimimine kutoka kwenye mtungi kwa kukadiria. Pimeni kwa kijiko. Managu, saga na kunde zinaweza kuchemshwa na kutiwa maziwa kidogo, tena huwa tamu zaidi.

Sahani yenyewe. Gawanya sahani kwa macho. Nusu iwe mboga za majani. Robo iwe kimyet au wali au viazi. Robo iwe maharagwe, ndengu, mayai, samaki au nyama. Nyumba nyingi tunazotembelea, kimyet ndiyo nusu na zaidi, na mboga ni za kusukumia tu.

Sasa tujumlishe. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa, ni kalori 100. Akipunguza vijiko vinne vya sukari, ni 80. Akipunguza kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, ni 120. Jumla ni 300 kwa siku. Hiyo ni karibu kilo moja kwa mwezi, angalau miezi ya kwanza, badala ya kungoja siku 77. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa, haba na haba hukipunguza!

NAMNA YA KUTEMBEA

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kila wiki. Nusu saa kwa siku tano inatimiza zile 150. Mkisikia watu wakisema lazima hatua 10,000, msiogope. Hesabu hiyo ilitoka Japani mwaka 1965 pamoja na chombo cha kuhesabu hatua kilichouzwa wakati huo. 

- Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, uko polepole mno.
- Asiyezoea aanze na dakika kumi, aongeze dakika tano kila wiki. Mwenda pole hajikwai.
- Vilima vyetu ni mali. Kupanda kunatumia nguvu zaidi kuliko tambarare.
- Huku mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi ni bora. Lakini ngojeni pakuche.
- Ingizeni mwendo katika shughuli zenu: shuka boda boda kabla ya kufika, nenda kwa miguu jumuiyani, kanisani au sokoni.
- Barabarani tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja. Hatujasahau Londiani, mwezi wa Juni 2023, lori lilipowaua watu zaidi ya 50 kando ya barabara. Njia za ndani mashambani ni salama zaidi kuliko lami.

KUPIMA

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, ukiwa na nguo nyepesi. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo, usawa wa kitovu. Mama akizidi sentimita 80, na baba akizidi 94, hatari imeanza. Mara nyingi kiuno hupungua kabla mizani haijasema kitu.

Kujua kama uzito umezidi, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 72 mwenye urefu wa mita 1.6 anapata 28. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 umezidi sana. Hesabu hii haitumiki kwa mjamzito.

Mwaka 2023 serikali iligawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya wa jamii, na ndani yake mna mizani, kipima presha na kipima sukari. Mwalikeni mhudumu wa kijiji chenu aje mkutanoni.

TAHADHARI

- Mwenye kisukari aangalie miguu yake kila jioni, avae viatu visivyobana, wala asitembee pekupeku. Anayejidunga insulini abebe kitu kitamu mfukoni.
- Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama, na uende hospitali.
- Mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula. Waulize kliniki.
- Anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi kisichoisha, kiu nyingi au homa za usiku, asishangilie. Aende akapimwe mapema.
- Dawa za kuharisha na za kukojoza huondoa maji mwilini, si mafuta. Ukinywa maji, uzito umerudi, na pesa zimekwenda.
- Na tafadhali, tusimcheke mwenzetu kwa mwili wake. Anayechekwa hujificha nyumbani, na kikundi kinampoteza.

KAZI YA KIKUNDI

Tunapendekeza kila kikundi kijaribu kwa wiki 12:

1. Wiki ya kwanza: pimeni uzito, kiuno, presha na sukari. Mwandishi aandike katika daftari. Anayetaka hesabu yake iwe siri, iheshimiwe.
2. Kila wiki: tembeeni pamoja angalau mara mbili, na kila mtu peke yake mara tatu.
3. Kila nyumba ipunguze sukari na mafuta kama tulivyoeleza, na bei ya sukari iliyookolewa ije kwenye sanduku.
4. Wiki ya 12: pimeni tena vyote vinne. Asiyepungua kilo lakini presha au sukari imeshuka, huyo naye amefaulu, apigiwe makofi.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Ni kazi gani tulizofanya kwa miguu miaka kumi iliyopita ambazo leo tunafanyiwa?
(b) Katika nyumba zetu, nani anaamua kiasi cha sukari na mafuta? Akina baba wako tayari kusaidia?
(c) Mwenzetu akipungua kwa kupenda, tutamlindaje na maneno ya majirani?
(d) Tuna njia gani salama ya kutembea hapa kijijini, na tumwone nani ili itengenezwe?

Andikeni majibu yenu na mtuletee tutakapowatembelea. Daftari la vipimo nalo mlilete, tulipitie pamoja.